Sarafu Kinywani mwa Miriamu

Novemba 1990, wafanyakazi wa ujenzi kusini mwa Yerusalemu, mahali paitwapo Talpiot Kaskazini, walitoboa paa la pango bila kukusudia. Chini ya miguu yao lilikuwapo kaburi la ukoo lililochongwa ndani ya mwamba wa chokaa, lenye mianandani minne ya kulazia maiti. Mwanaakiolojia Zvi Greenhut alipoingia alikuta masanduku 12 ya mawe ya kuhifadhia mifupa. Mengine yalikuwa yamevurugwa na wezi wa makaburi, mengine yako pale pale yalipowekwa na wenyewe karibu miaka 2,000 iliyopita.

Sanduku moja lilivuta macho ya dunia. Lilikuwa limenakshiwa maduara mawili makubwa, kila duara na maua yake sita, na ubavuni mtu alikuwa amekwaruza jina: Yehosef bar Kayafa. Mwanahistoria Josephus, Myahudi aliyeandika katika karne ya 1, anamtaja kuhani mkuu Yosefu aliyeitwa Kayafa, aliyeshika cheo hicho tangu mwaka 18 hadi 36 BK. Ndiye yule ambaye Injili zinasema Yesu alipelekwa mbele yake usiku wa kukamatwa. Wapo wataalamu wanaosita kusema kaburi hili ni la ukoo huo, kwa kuwa jina limeandikwa ovyo na linaweza kusomeka vingine. Hata hivyo, habari iliyovuma ilikuwa Kayafa tu. Sanduku jingine, lililoandikwa jina la Miriamu binti Simoni, lilitajwa kwa kupita. Ndani yake palikuwa na fuvu la mwanamke, na ndani ya fuvu hilo sarafu ndogo ya shaba.

Ili sarafu ifike ndani ya fuvu, inabidi kwanza iwe imewekwa kinywani. Desturi ya mazishi ya Wayahudi wa Yerusalemu wakati huo ilikuwa na hatua mbili. Maiti aliogeshwa, akapakwa mafuta, akavikwa sanda na kulazwa katika mwanandani siku ile ile ya kufa. Baada ya mwaka hivi, nyama ikishaoza, jamaa walirudi wakaikusanya mifupa na kuitia katika sanduku la jiwe, ambalo urefu wake ulikadiriwa kwa mfupa wa paja. Utaratibu huu ulishamiri tangu zama za Herode Mkuu hadi Warumi walipoubomoa mji mwaka 70 BK. Kwa hiyo kuna watu wawili katika habari ya sarafu hii: aliyeiweka siku ya maziko, na aliyekuja baadaye kukusanya mifupa akaiacha ilipo, ama kwa kutoiona, ama kwa kujua kwamba ni mali ya marehemu.

Sarafu yenyewe ilifuliwa Yerusalemu kwa amri ya Herode Agripa wa Kwanza. Upande mmoja una mwavuli wa kifalme wenye vishada pembeni, umezungukwa na maandishi ya Kigiriki yanayomtaja mfalme Agripa. Upande wa pili una masuke matatu ya shayiri na alama ya mwaka wa sita wa utawala wake, takriban mwaka 42 BK. Sura ya mtu haimo, kwa sababu Wayahudi walichukia sanamu katika mji wao mtakatifu, na Agripa alijua kucheza na pande zote. Katika miji yake mingine yenye watu wa mataifa alifua sarafu zenye sura yake na za Makaisari.

Mtu huyu alikuwa mjukuu wa Herode Mkuu. Baba yake aliuawa kwa amri ya babu huyo huyo, na yeye akalelewa Roma, akaishi kwa madeni na urafiki wa wakubwa. Kaisari Tiberio alimtia gerezani kwa kusema kwamba angependa kijana Gaius, ambaye tunamjua kwa jina la Caligula, atawale upesi. Tiberio alipokufa mwaka 37, Caligula alimfungulia na, kwa mujibu wa Josephus, akampa mnyororo wa dhahabu wenye uzito sawa na ule wa chuma aliofungwa nao. Mwaka 41 Kaisari Klaudio alimwongezea Uyahudi wote. Miaka mitatu baadaye Agripa alikufa ghafla mjini Kaisaria, na nchi ikarudi mikononi mwa maliwali wa Kirumi. Mwavuli ule uliofuliwa kwenye shaba ni kumbukumbu ya kipindi kifupi sana ambapo Yerusalemu ulikuwa tena na mfalme wake.

Wataalamu wa sarafu huiweka pruta hii, kama zilivyoitwa sarafu hizo ndogo, katika kundi la sarafu za majimbo ya Kirumi. Dola ya Roma haikuwa na fedha moja. Dhahabu na dinari za fedha zilitoka kwenye viwanda vya Kaisari, lakini sarafu za shaba za kununulia mkate, mafuta na kuingilia bafu zilifuliwa na mamia ya miji na wafalme wadogo, hasa mashariki. Kila mji uliweka alama zake: mungu wake, hekalu lake, mto wake, jina la hakimu wa mwaka. Upande wa magharibi, katika Hispania na Galia, ufuaji huo ulikoma kufikia katikati ya karne ya 1. Mashariki uliendelea hadi karne ya 3, na Alexandria ulidumu mpaka Kaisari Diocletian alipofuta fedha za pekee za Misri miaka ya 290. Mwaka 1992 Andrew Burnett, Michel Amandry na Pere Pau Ripollès walichapisha juzuu la kwanza la orodha kuu ya sarafu hizi, na kazi hiyo bado inaendelea.

Tabia moja ya sarafu hizi ndiyo inayoifanya habari ya makaburi iwe ya ajabu: zilikuwa fedha za nyumbani. Shaba ya mji ilikuwa na thamani kwa sababu mji wenyewe uliidhamini, na nje ya eneo lake ikaanza kutiliwa shaka. Misri iliwekewa fedha zake peke yake, na mgeni alibadilisha alizokuja nazo. Mjini Pergamon, katika Uturuki ya leo, maandishi ya mawe ya wakati wa Kaisari Hadrian yanaeleza ugomvi kati ya wachuuzi na wabadilisha fedha: dinari moja ilinunuliwa kwa vipande 17 vya shaba na kuuzwa kwa 18, na tofauti ile ya kipande kimoja ilikuwa riziki ya mwenye meza. Yerusalemu nako wabadilisha fedha walikaa karibu na Hekalu, kwa sababu kodi ya Hekalu ililipwa kwa fedha safi ya mji wa Tiro, ijapokuwa ilikuwa na kichwa cha mungu wa kipagani. Pruta haikutosha hata kwa meza hiyo. Kwa hesabu ya marabi, pruta 192 zilifanya dinari moja, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Sarafu za mjane maskini katika Injili zilikuwa za jamii hii.

Sasa fedha hii isiyovuka mpaka wa mji ndiyo iliyotiwa kinywani mwa mtu anayeanza safari ndefu kuliko zote.

Mzizi wa desturi uko Ugiriki. Wagiriki walisimulia juu ya Charon, mvushaji mzee mwenye hasira anayewapitisha wafu mtoni kuelekea kuzimu, na nauli yake oboli moja, yaani sehemu ya sita ya drakma. Mwaka 405 KK Aristophanes aliwachekesha watu wa Athens kwa mchezo wake wa Vyura, ambamo mungu Dionysos anashuka kuzimu na kukuta nauli imefika oboli mbili. Mzaha ule ungekosa maana kama watazamaji wasingeijua desturi. Na kuweka sarafu kinywani hakukuwa jambo geni kwao. Mavazi yao hayakuwa na mifuko, na michezo ya Aristophanes huyo huyo inawaonyesha watu wakienda sokoni na chenji ndani ya shavu. Marehemu alibebeshwa nauli mahali pale pale alipozoea kuibeba akiwa hai.

Kutoka huko desturi ilisambaa pamoja na lugha ya Kigiriki, kisha ikachukuliwa na Warumi. Mshairi Juvenal anamwonyesha mtu aliyepondwa na shehena ya mawe katika mtaa wa Roma: nyumbani watumishi wanaosha vyombo na kupuliza moto bila habari, naye amekwisha kukaa ukingoni mwa mto akimwogopa mvushaji, kwa kuwa hana sarafu mdomoni. Apuleius, mwenyeji wa Madauros katika Afrika ya Kaskazini, anaeleza jinsi binti Psyche alivyoagizwa kushuka kuzimu na sarafu mbili kinywani, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mwanajiografia Strabo anaongeza kwamba watu wa Hermione, mji mdogo wa Ugiriki, hawakuwapa wafu wao nauli, kwa sababu waliamini njia ya kuzimu kutoka kwao ni fupi. Wenye uwezo nao walipata njia zao: katika makaburi ya Ugiriki na ya ufuoni mwa Bahari Nyeusi yamepatikana mabamba membamba ya dhahabu yaliyogandamizwa juu ya sarafu yakanakili chapa yake. Uzito wake ni kama hakuna, na mfanyabiashara asingeyapokea, lakini kaburini yalionekana yanatosha.

Aliyeuliza swali gumu kuliko wote ni Lucian, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Samosata, kando ya mto Frati, mji uliokuwa ukifua shaba yake wenyewe. Katika maandishi yake juu ya maombolezo anawadhihaki watu wanaoweka oboli kinywani bila kwanza kuuliza ni fedha gani inayotumika kuzimu, ya Athens, ya Makedonia au ya Aegina. Kisha anasema ingekuwa heri wafu wasiwe na nauli kabisa, kwani mvushaji angewakataa nao wangerudi duniani. Mtu aliyekulia Roma kwenyewe asingeliona swali hilo upesi. Lucian alitoka pembezoni mwa dola, na msafiri wa majimboni alijua uchungu wa kufika mji wa watu na fedha zisizopokelewa.

Makaburi yanajibu kwamba wafiwa hawakujali. Mara nyingi sana sarafu iliyowekwa kinywani ni ndogo, ni ya hapo hapo, na imechakaa. Waliochagua walichukua kilichokuwepo nyumbani, na kilichokuwepo kilikuwa shaba ya mji wao. Kwa mwanaakiolojia huu ni msaada mkubwa, maana sarafu yenye mwaka inasema kaburi halikufungwa kabla ya mwaka huo. Miriamu binti Simoni hakuweza kuzikwa na pruta ya Agripa kabla Agripa hajaifua. Kwa hiyo alikufa kati ya takriban mwaka 42 na vita vya mwaka 70.

Yerusalemu haukuwa peke yake. Rachel Hachlili, aliyechimba makaburi ya Kiyahudi ya Yeriko katika miaka ya 1970, alikuta sarafu mbili za Agripa huyo huyo ndani ya fuvu moja. Lakini tukiyapima makaburi yote ya Kiyahudi ya zama hizo, yenye sarafu ndani ya mafuvu ni machache mno. Haikuwa kanuni, ilikuwa hiari ya nyumba chache. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa mwanzoni mwa karne ya 3, inaeleza kuosha maiti, kumpaka mafuta na kumfunga kidevu ili kinywa kisizidi kuachama. Nauli haimo. Kidevu kilichofungwa, hata hivyo, kingeweza kuishika sarafu vizuri.

Kama kaburi la Talpiot ni la ukoo wa Kayafa, fumbo linazidi. Makuhani wakuu wa Yerusalemu walikuwa karibu na kundi la Masadukayo, ambao Josephus anasema walifundisha kwamba roho hufa pamoja na mwili. Kwao hakuna kuzimu kwa kusafiria, hakuna mto na hakuna wa kulipwa. Na bado katika kaburi lao mwanamke ana nauli kinywani, tena nauli ya mvushaji wa Wagiriki. Wapo walioona hapa ushahidi kwamba tabaka la makuhani lilikuwa limemezwa na mila za kigeni. Ushahidi huo ni mwembamba. Masanduku ya mifupa yana majina ya Kigiriki pia, na sarafu ya Agripa yenyewe imeandikwa Kigiriki. Mtu angeweza kuishi ndani ya lugha na desturi hizo akaitunza Sabato yake bila kulegea.

Mtu mwingine, mbali sana na Talpiot, alifikiri ameziona sarafu za majimbo juu ya maiti. Mwaka 1979 Francis Filas, padri Mjesuiti na mwalimu wa teolojia katika Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, alitangaza kwamba picha za Sanda ya Turin, kitambaa kinachodaiwa kuwa kilimfunika Yesu kaburini, zinaonyesha sarafu juu ya jicho la kulia la mtu aliyemo kwenye kitambaa. Alitumia picha za Giuseppe Enrie za mwaka 1931, akazikuza, akaona fimbo iliyopinda na herufi nne, UCAI. Fimbo ile, alisema, ni ile ya watabiri wa Kirumi iliyoko kwenye sarafu za Pontio Pilato, zilizofuliwa miaka ya 16 hadi 18 ya Tiberio, yaani karibu mwaka 29 hadi 32 BK. Pilato, tofauti na maliwali waliomtangulia ambao waliridhika na mitende na masuke, alithubutu kuweka vyombo vya ibada ya Kirumi kwenye shaba ya Wayahudi: fimbo hiyo, na upawa wa kumiminia sadaka.

Tatizo lilikuwa herufi. Jina la Tiberio Kaisari kwa Kigiriki lingetoa K mahali ambapo Filas alisoma C. Alijibu kwamba fundi alikosea, na baadaye akaonyesha sarafu ya Pilato ambayo alisema ina kosa lile lile. Hivyo hoja nzima ikaegemea sarafu adimu, kana kwamba jambo likiwa nadra linakuwa kweli zaidi. Wakosoaji walisema herufi za milimita moja au mbili haziwezi kutenganishwa na nyuzi za kitambaa kilichofumwa, na kwamba jicho linalotafuta herufi huzipata. Hachlili na Ann Killebrew walikwenda makaburini kwenyewe na kuhitimisha kwamba kuweka sarafu juu ya macho hakukuthibitika kuwa desturi ya Wayahudi wa karne hiyo. Sarafu chache zilizopatikana zilielekea zaidi kuwa za kinywani. Mwaka 1988 maabara za Oxford, Zurich na Tucson zilipima kipande cha sanda hiyo kwa kaboni na kukiweka kati ya mwaka 1260 na 1390.

Tofauti ya Filas na Greenhut ndiyo somo kuu la fani hii. Pruta yenye mwavuli wa Agripa si adimu hata kidogo; ni miongoni mwa sarafu za Kiyahudi zinazopatikana kwa wingi kabisa. Ile ya Talpiot ilipata uzito kwa kukutwa ndani ya fuvu lenye jina ubavuni mwa sanduku, katika kaburi lililochimbwa kwa utaratibu. Sheria ya mambo ya kale ya Israeli ya mwaka 1978 inafanya vitu vya namna hiyo kuwa mali ya dola, lakini wezi wa makaburi hawasomi sheria. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza sanduku jingine la mifupa, la Miriamu mwingine, lililomwita binti Yeshua mwana wa Kayafa na kuthibitisha kwamba ukoo huo ulikuwa wa makuhani. Lilikuwa limepitia mikononi mwa wezi. Kaburi lilikotoka halikuchimbwa na mtaalamu, na kama ndani yake palikuwa na nauli yoyote, ushahidi wake umekwenda.

Fedha za miji zilikoma katika karne ya 3, wakati dinari ilipochujuka na shaba ikawa haina faida kuifua. Desturi haikufa nazo. Wafu wa karne ya 4, wakiwemo Wakristo, wanakutwa na sarafu za Makaisari wapya. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtafiti Mwingereza J. C. Lawson aliandika kwamba katika vijiji kadhaa vya Ugiriki bado sarafu iliwekwa kinywani mwa maiti, na mahali pengine kigae au msalaba wa nta umechukua nafasi yake.  Baadhi ya walioulizwa walisema ni kuzuia pepo mbaya asiingie mwilini. Wengine walisema ndivyo walivyofanya wazee.

Jibu hilo la wanavijiji linamfaa Miriamu kuliko mjadala wote wa Masadukayo. Mafundisho ya kuhani yalihusu yatakayompata marehemu, wakati sarafu ilishikwa na mtu aliyekuwa akimfunga kidevu, mwenye hofu ya kusahau kitu ambacho mama yake asingekisahau. Mtu wa namna hiyo hahitaji kumwamini Charon, wala hahitaji kujibu swali la Lucian kuhusu fedha inayopokelewa ng'ambo. Anatoa ndogo kuliko zote aliyonayo, kwa sababu kutotoa kabisa ndiko kunakomtisha.